Usimchurie Mtoto

Kama unasoma haya huku vidole vyako viwili vimekaa shingoni vikitafuta mpigo wa moyo, vitoe kwanza. Najua hutavitoa. Nami niliambiwa hivyo na watu wengi wenye nia njema, na sikuvitoa. Vilikaa pale mpaka ngozi ya chini ya taya ikafanya sugu, kama ile ya sijida kwenye paji la uso wa mcha Mungu, ila yangu haikuwa ya kumcha Mungu. Ilikuwa ya woga mtupu.

Naandika nikiwa barazani kwangu Junda, mvua za mwaka zimekwisha na upepo wa kipupwe umeanza kukausha nguo kwenye kamba. Sijapona kwa maana ya kwamba sitaogopa tena. Nimepona kwa maana ya kwamba naweza kukaa hapa, moyo ukaenda mbio, na mimi nikaendelea kuchambua mchele. Kama uko pale nilipokuwa, utajua kuwa hilo si jambo dogo.

Ugonjwa ulinianza wakati wa kaskazi, siku ya kupamba ya binamu ya mume wangu, ile shughuli ya wanawake watupu ya kumtazama bibi harusi. Watu wameshonana ukumbini, udi unafuka, na mimi nimeshika sahani ya sambusa nampitishia mwenzangu. Moyo ukaruka. Uliruka, ukasita, halafu ukaanza kupiga kwa fujo. Midomo ikafa ganzi, mikono ikafa ganzi, sauti za watu zikaenda mbali. Niliona kwa yakini kuwa nakufa, na kwamba nakufa nimevaa viatu vya kuazima.

Wanawake wakanivua buibui, wakanipepea kwa kanga, mmoja akasema presha, mwingine akasema jicho la watu. Hospitali wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yake, na daktari akaitazama huku anapiga miayo.

"Moyo wako mzima, mama," akaniambia. "Nenda ukapumzike."

Mtu akikwambia moyo wako mzima na wewe una hakika unakufa, hupati faraja. Unapata hofu ya pili: kumbe hata madaktari hawauoni. Hata hivyo nakusihi, wewe msomaji, kapimwe moyo kwanza kabla ya kusikiliza habari zangu. Kisha ukiambiwa ni mzima mara tatu na wewe bado unakwenda mara ya nne, ndipo tuzungumze.

Mimi nilikwenda mara nyingi mno. Nikawa mwenyeji wa mabenchi. Nilijua benchi lipi lina mguu mbovu, feni ipi inazunguka na ipi ni pambo, na kila mahali nilikaa karibu na mlango. Kulikuwa na muuguzi mmoja mnene, mpole, ambaye akiniona tu aliniwekea mkoba wake kwenye kiti cha mlangoni ili asikikalie mwingine. Hakuniuliza kitu. Nilipokuwa nikifika na kuuona ule mkoba, nilikuwa nataka kulia kwa shukrani.

Mwili ukanyauka. Nywele zilitoka kwenye kichana mafungu mafungu. Pete ya ndoa nikaizungushia uzi isidondoke. Kazi yangu ni kushona madera, nauza kwa wanawake wanaopanga vibanda kule Shanzu karibu na mahoteli, lakini cherehani nikaifunika shuka, kwa sababu mlio wake ulikwenda sambamba na moyo wangu na nilishindwa kujua kipi kinaendesha kipi. Sokoni siendi, harusini siendi, matangani ndiyo kabisa. Popote pasipokuwa na mlango wa kutokea upesi, sikupataka.

Mume wangu, Sudi, anaendesha mashine ya kupakulia makontena kule Changamwe. Ni mtu wa maneno machache. Mwanzoni aliacha kazi akaja mbio kila nilipompigia. Baadaye alikuja akitembea. Mwisho akawa anasema kwenye simu, "Mama Nasra, kunywa maji, nakuja," na alikuja jioni kama kawaida. Simlaumu sasa. Wakati ule nilimchukia, na nilimwambia.

Ndipo akaja mamake kunisaidia. Bi Zuhura anakaa Likoni, mtaa wa Shika Adabu, na Sudi hupenda kutania kuwa mtaa ulipewa jina baada ya mamake kuhamia. Ni mwanamke wa kale, mwenye Kimvita chake kisichochanganywa, na nyumba aliyoingia yeye hainuki vumbi. Alipika, alifua, alinipeleka kwa maalim nikasomewa, nikanywa kombe la aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, na sitasema kuwa halikunisaidia, kwa maana siku mbili tatu nilipumua. Kila mchana alimtengeneza mwanangu Nasra, aliyekuwa na miaka sita, akamsindikiza hadi mlangoni kwenda chuoni kusoma Kurani na kumwambia, "Haya nenda, amana ya Mungu." Alilisema hilo kwa kila anayetoka, hata kwa Sudi na kipara chake.

Lakini hofu yangu ilikuwa imeshahama. Ilikwisha kuchoka na moyo wangu, ikaingia kwa wa Nasra. Mtoto akilala mchana nilisimama juu yake kutazama kama kifua kinapanda. Akikohoa namshika mbavu. Akichelewa chuoni, hata kwa muda wa kununua ubuyu, mimi nimeshamzika na kurudi. Siku moja nilimtoa majini akiogelea na wenzake Bamburi, nikamkalisha mchangani amefunikwa kanga, analia, na mimi nalia. Nilijua ninamfanyia ubaya na sikuweza kuacha.

Muuguzi yule mwenye mkoba ndiye aliyeniambia kuhusu Dada Kadzo, mshauri nasaha mwenye chumba chake Changamwe, juu ya duka la vipuri vya magari. Sudi alinipeleka akienda kazini. Ngazi zilinitisha, chumba kikanitisha zaidi, kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja na Kadzo ndiye aliyekaa karibu nao. Ni mwanamke wa Kaloleni, Mgiriama, Mkristo, mrefu, na hana haraka.

"Waonaje tukibadilishana viti?" akaniambia kabla sijasema neno. Nikakaa kiti cha mlangoni, nikampenda hapo hapo.

Siku ile ya kwanza aliniambia kuwa njia anayofundisha ina mizizi ya zamani, kwa Wayunani wa kale, watu walioitwa Wastoiko. Mimi nikasikia wa stoo. Nikauliza stoo ya nini. Akacheka mpaka akavua miwani, kisha akanieleza kuwa neno lenyewe lina maana ya kibaraza chenye nguzo, kwa sababu watu wale walikuwa wakikaa barazani mchana kutwa wakizungumza jinsi ya kuishi bila kuendeshwa na hofu. Nikamwambia kama ni watu wa baraza, Mombasa hatuna haja ya kuwaagiza kutoka Uyunani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya mzaha tangu kaskazi.

Mafundisho yao, kwa jinsi alivyoyapunguza nikayaelewa, yalikuwa haya: yako mambo yaliyo mkononi mwako na yako yasiyo mkononi mwako, na mtu huugua pale anapoyashika ya pili na kuyaachia ya kwanza. Moyo kupiga haumo mkononi mwangu. Kile ninachojiambia unapopiga, kimo. Nikamjibu kuwa hayo ni rahisi kuyasema ukiwa umekaa. Akatoa kamba ya watoto kwenye droo ya meza, akanambia tusimame. Nikaruka kamba mle chumbani, mimi mama mzima na dera langu, mpaka moyo ukawa pale pale ulipokuwa siku ya kupamba, na nikaogopa sana, na yeye akasimama pembeni akiniuliza, "Moyo unasema nini? Na wewe unausemea nini?" Ni maswali mawili tofauti. Ilinichukua mvua nzima ya vuli kuona kuwa ni mawili.

Nikawa napata nafuu, ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Cherehani ikafunuliwa. Lakini habari ya Nasra haikusogea, na kaskazi nyingine ilipoingia Kadzo akanipa zoezi gumu. Wale watu wa baraza, akasema, walikuwa wakilitazama baya kabla halijaja, si kulitamani, bali kulizoea ili lisiwatawale. Hata mtoto walijikumbusha kuwa ni wa kuazimwa. Akanambia, "Unapomchana nywele, jiambie kimoyomoyo kuwa huyu nimeazimwa, huenda kesho asiwepo. Kisha endelea kumchana. Hapo pa kuendelea ndipo penye dawa."

Kimoyomoyo, alisema. Mimi nimelelewa na nyiradi za kila baada ya sala, na ulimi wangu haujui kusoma kitu bila midomo kwenda. Alasiri moja nimempakata Nasra uani, namtia mafuta ya nazi, nikashika msuko wa kwanza nikasema, "Umeazimwa, mwanangu. Huenda kesho usiwepo." Mikono iliendelea. Nikashika wa pili, nikasema tena. Nilikuwa nimefika wa tatu, na kwa mara ya kwanza kifua changu kilikuwa kimetulia, niliposikia sinia linaanguka jikoni.

Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, mkono kaweka kinywani.

"Mwanaisha, wanena nini weye?"

"Ni zoezi, mama. La daktari."

"Zoezi la kumchuria mtoto?" Sauti yake ilikuwa chini, na hilo lilinitisha kuliko angepiga kelele. "Mtoto mzima, hana hata mafua, wamtabiria mauti na kichwa chake ki mapajani mwako? Kinywa huumba, mwanangu. Hukufunzwa kwenu?"

Nilifunzwa. Ndilo jambo nililofunzwa kabla ya kusali. Kwetu baya halitajwi: mgonjwa husemwa hajambo, safari husemwa ya heri, na ukimsifu mtoto unatia mashaallah haraka kabla jicho halijafika. Uchuro hauhitaji nia mbaya, unahitaji mdomo tu. Nilitaka kumweleza habari ya Wayunani na baraza yao, lakini maneno yote yalikuwa yamenitoka, na badala yake nikawaza: je, kama amesema kweli? Moyo ukaruka. Nikaanguka pale pale uani, midomo ganzi, mbele ya mtoto, msuko wa tatu haujafungwa.

Sudi aliporudi alimkuta mamake amekwisha kufunga nguo za Nasra.

"Simpeleki mbali. Nampeleka kwangu," akasema. "Mkeo mgonjwa, na mgonjwa halaumiwi. Lakini sitamwacha mtoto hapa anenewe kaburi kila akichanwa. Siku Mwanaisha atakapokuja mwenyewe, peke yake, kwa miguu yake, n'tajua amepona. Hapo atampata mwanawe."

Sudi alinitazama, akamtazama mamake, akachukua begi. Nilisubiri aseme neno. Akasema, "Ni kwa siku chache tu, Mama Nasra." Nasra alikuwa na misuko miwili na upande mmoja umefumuka. Bi Zuhura akamshika mkono, akageuka mlangoni kuniambia kwa mazoea yake, "Haya, amana ya Mungu," na wakaenda.

Lazima nieleze kwa nini sharti lile lilikuwa zito. Kutoka Junda hadi Shika Adabu ni lazima uvuke feri, na tangu niugue sikuwa nimevuka. Feri haina mlango. Ikishang'oa nanga, mpaka ifike upande wa pili huwezi kushuka hata uwe nani. Watu wote wa nyumbani walijua hivyo. Sidhani Bi Zuhura aliweka sharti kwa ubaya. Alichagua kipimo alichokiamini, kama daktari na nyaya zake. Lakini nililisikia kama mlango unaofungwa kwa nje.

Mwezi wa mfungo ukapita hivyo. Nilifuturu na Sudi bila kuzungumza, na sahani ya Nasra niliiweka mezani kila siku kisha nikaiondoa. Tulizungumza naye kwa simu. Alinisimulia paka wa jirani, na mara moja akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nitakufa kesho?" Nikamwambia hapana, hapana, hapana. Nilipokata simu nilijua nimemdanganya, na hata hivyo ningesema nini? Nililia mpaka macho yakavimba.

Mvua zilipoanza, Sudi akapata gari la rafiki yake, akasema tuzunguke kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, ambayo hufika Likoni bila kupanda feri. Si peke yangu, wala si kwa miguu, lakini alifikiri mamake atalegeza. Nikajifunga mkanda. Nikikimbia maji nikakutana na daraja: refu, la juu, bila mahali pa kusimama. Katikati nikashika usukani wa Sudi. Tungeweza kufa kweli, si kwa moyo bali kwa mkono wangu. Alifika mwisho wa daraja, akasimamisha gari, akaweka kichwa juu ya usukani. Halafu akageuza tukarudi nyumbani.

Nilimwambia Kadzo kila kitu, na nilimwambia kwa hasira. Nilisema watu wake wa baraza wameninyang'anya mtoto. Alivua miwani yake.

"Kosa ni langu," akasema. "Kwetu Kaloleni nako neno hutembea hadi likatimia. Nami nilijua, nikakupa zoezi kama kwamba unakaa nyumba isiyo na watu. Ningekuuliza kwanza." Kisha akaniuliza swali lake lile lile la kuchosha, kipi kimo mkononi mwangu.

Tukaanza kutoa. Uhai wa Nasra haumo. Rai ya Bi Zuhura haimo. Moyo kuruka haumo, feri kung'oa haimo.

"Kimebaki nini?"

"Miguu," nikasema, kwa kumkomoa.

"Basi panga safari ya miguu. Na ukipanga, wale wazee walikuwa kila mpango wanautilia mwisho: kama hakuna litakalozuia."

Nikamtazama. "Yaani inshallah."

"Yaani inshallah."

Nikacheka, cheko la machungu. Kila mtu wa Mombasa anajua inshallah zetu. Ukimwalika mtu arusi akakwambia inshallah nitakuja, mpunguze kwenye hesabu ya wali. Mimi mwenyewe kwa mwaka mzima niliitumia kufungia milango: Mwanaisha utakuja? Inshallah. Utatoka? Inshallah. Nililichukua neno la kumwachia Mungu yaliyo yake, nikalifanya la kujiondolea yaliyo yangu.

Nilimpigia Bi Zuhura. "Mama shikamoo. Naja Jumamosi, inshallah."

"Marahaba. Inshallah ya kuja, au ya kutokuja?"

"Ya kuja, mama."

Jumamosi ile mvua ilikuwa imepumzika na ardhi inatoa mvuke. Sudi alinifikisha karibu na feri, akabaki ng'ambo ya barabara kama tulivyokubaliana. Nilishuka ule mteremko na umati, mkono shingoni, na kila hatua nilijiambia kuwa ninayo ruhusa ya kurudi kwenye hatua ijayo. Kisha nikawa ndani, watu wamenizunguka, na nikasikia chuma cha kupandia feri kinainuliwa nyuma yangu. Hapo ruhusa ikaisha.

Moyo ukaruka. Ugonjwa ulikuja wote, kama siku ya kupamba na zaidi: ganzi, giza la pembeni, ile yakini. Nitasema ukweli, kwa kuwa wewe unayeumwa hivi umechoka na watu wanaokwambia pumua. Sikupata utulivu. Niliogopa kutoka ukingo hadi ukingo. Nilichokuwa nacho ni maneno tu, na niliyasema kwa midomo maana siwezi vingine: moyo, piga, kazi yako hiyo, yangu ni kusimama. Mwanamke wa Kidigo aliyekuwa karibu nami, na kikapu kikubwa cha mihogo, alinitazama midomo, akatazama mkono wangu ulivyoganda shingoni.

"Nishikie upande huu, dadangu," akasema. "Mkono wangu umechoka."

Mkono wake haukuwa umechoka hata kidogo. Nikashika kishikio kimoja, yeye kimoja, na ili nishike ikabidi niutoe mkono shingoni. Tulisimama hivyo na mihogo katikati yetu. Feri ilipogonga upande wa pili akanishukuru, kana kwamba ni mimi niliyemsaidia.

Nilitembea kutoka kituoni hadi Shika Adabu nikiwa nimelowa jasho. Mlango ulikuwa wazi. Nasra alikuwa sebuleni, amekaa mkekani kimya, nywele zimesukwa vizuri, na kiganja chake cha kulia amekibana kifuani. Hakuniona.

"Bibi," akaita.

"Ee, mwanangu," sauti ya Bi Zuhura ikatoka jikoni.

"Moyo wangu wapiga?"

"Wapiga, alhamdulillahi. Tulia usikimbie."

Lilivyojibiwa, nilielewa kuwa ni swali la kila siku. Nikashika fremu ya mlango. Nimeandika juu ya hofu nyingi hapa, lakini ile ilikuwa peke yake. Mwaka mzima nilihofia mwanangu afe, kumbe nilikuwa nimemrithisha ugonjwa wangu akiwa hai.

"Nasra," nikasema.

"Abee," akaitika kabla hajageuka, na alipogeuka alinirukia kiasi cha kunipiga na ukuta.

Bi Zuhura alitoka na mikono ina unga. Alinitazama viatu, ncha za buibui zilizolowa, uso. Akatazama nje kumtafuta Sudi.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama. Kwa feri."

"Uliogopa?"

"Mpaka sasa naogopa."

Akaketi kwenye kochi bila kunawa. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: kwamba na yeye tangu amchukue mtoto hapati raha, anamkataza kisimani, anamkataza barazani, anasikia sauti yangu ya siku ile kila anapomtia mafuta. "Ulilitia neno kichwani mwangu, Mwanaisha. Halitoki."

Nilimwomba radhi kwa neno lile, na sikumweleza Wayunani. Tulikula muhogo wa nazi na samaki, tukanywa chai, na Nasra hakuondoka ubavuni kwangu. Alasiri Bi Zuhura mwenyewe akalifunga begi, maana ahadi ni deni. Alitusindikiza hadi mlangoni, akamshika Nasra kichwa kwa viganja viwili, akasema kama alivyosema maisha yake yote:

"Haya nenda, mwanangu. Amana ya Mungu."

Nikasimama. "Mama," nikasema, "amana si kitu cha mwenyewe?"

"Ni cha mwenyewe. Waekewa tu."

"Na mwenyewe akikitaka?"

Niliona neno lake likimrudia sikioni, lile lile alilomwambia mumewe akienda kazini, na wanawe, na maiti waliotoka kwenye mlango ule. Macho yakamjaa. Nilijuta kuuliza. Lakini alinishika mkono wa pete, ule wenye uzi, akasema taratibu:

"Kumbe ndilo ulokuwa ukisema. Ila wewe, mwanangu, ulimtoa Mungu ukabakisha kifo. Mtoto hasemewi hivyo. Liseme zima."

Tangu siku hiyo nalisema zima: amana ya Mungu. Kadzo nilipomsimulia aliniuliza kama anaweza kuwapa wengine neno hilo. Nikamwambia si langu, nimeekewa.

Tulirudi kwa feri, mimi na Nasra, jua bado kali. Nilimnunulia mfuko wa mabuyu kabla ya kuingia. Chuma kikapandishwa, moyo wangu ukaruka kama nilivyojua utaruka, na Nasra akaweka kiganja kifuani.

"Mama, moyo wangu wapiga?"

"Wapiga," nikamwambia. "Ndiyo kazi yake."

Akafikiri. Kisha akautoa mkono kifuani, kwa sababu aliutaka kwa mabuyu. Hapo nikagundua wangu umesharudi shingoni. Nikautoa nami, nikamnyooshea, nikamwomba moja.